Nimenunua ukulele ya wanaoanza ili nitoke kazini, ikaja na bosi mwingine ndani ya boksi

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka asisumbuke kusoma yote. Ukulele yenyewe, yaani kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, naipa nne kati ya tano, kile kidude cha kutyunia, yaani cha kuweka sauti za nyuzi sawa, kilichokuja nayo naipa nne na nusu, begi nyota mbili, na ile apu ya kujifunzia iliyokuja kwenye kikadi cha kukwangua naipa sifuri, na kama ingeruhusiwa kwenda hasi ningeenda, mimi ni mhasibu hasi siziogopi. Nitafika huko maana hasira zangu zote ziko hapo.

Sasa kwa nini mhasibu mzima ananunua ukulele. Kazi zangu nyingi nafanyia nyumbani, na anayefunga hesabu anajua mwisho wa mwezi unavyokuwa, ila tatizo langu halikuwa mwisho wa mwezi tu, tatizo ni kwamba siku ilikuwa haiishi. Saa kumi na moja jioni nafunga laptop, nafungua simu nipumzike, kwenye simu kuna imeili, kwenye imeili kuna mtu anauliza kitu cha dakika mbili, basi nafungua laptop tena nimjibu na nikishaifungua naona na kile cha mchana nilichokiacha nusu, nakuja kushtuka saa nne usiku, mtoto amelala na mgongo umekuwa ubao. Siku moja nikaamua kujumlisha masaa yangu mwenyewe kama ninavyojumlisha ya watu, wiki nne mfululizo. 52, 57, 61, 58. Halafu nikakumbuka ile ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021, kwamba mtu anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa na ugonjwa wa moyo iko juu kwa asilimia 17, ukimlinganisha na anayefanya masaa 35 mpaka 40. Wiki zangu tatu kati ya nne zilikuwa zimeshavuka. Namba huwa hazinitishi, ndio zinanilisha, ila safari hii nilikuwa mimi ndani ya safu.

Nilishajaribu vitu vingine kabla, msije mkadhani nilirukia tu. Nilijaribu kukimbia, nikawa nakimbia na simu mfukoni kwa ajili ya kuhesabu hatua, ikitetemeka nasimama nasoma. Nilijaribu tamthilia, hapo ndio kabisa, jicho moja kwenye tivii na dole gumba kwenye imeili. Nilijaribu vile vitabu vya kupaka rangi vya watu wazima, vizuri sana, ila kupaka rangi kunahitaji mkono mmoja na mkono wa pili ukikaa bure unajua wenyewe unakwenda wapi. Ndio siku moja nikamuona mtu kwenye video anapiga ukulele na wazo likanijia kama lilivyo: huyu mikono yake yote miwili ina kazi. Wa kushoto umebana nyuzi, wa kulia unapiga, simu ataishika na nini? Nikaagiza usiku uleule.

Kwa nini ukulele na sio gitaa, wengi wameniuliza. Kwanza gitaa lina nyuzi sita na yale yenye nyuzi za chuma wiki ya kwanza yanakuchana vidole, dada yangu analo limesimama nyuma ya kabati mwaka wa ngapi sijui. Ukulele ina nyuzi nne, laini, za nailoni au vitu vya jamii hiyo, vidole vinauma kidogo tu siku za mwanzo. Pili ni ndogo, unaiokota kama unavyookota rimoti. Zipo saizi nne za kawaida, soprano ndio ndogo kabisa, halafu concert, halafu tenor, halafu baritone ambayo ni kubwa na nawaonya wanaoanza msiichukue kwa kudhani kubwa ndio bora, maana yenyewe inatyuniwa tofauti, inafuata zile nyuzi nne nyembamba za gitaa, kwa hiyo masomo yote utakayoyakuta ya ukulele yatakuchanganya. Mimi nilichukua concert. Vidole vyangu sio vyembamba na kwenye soprano ya rafiki yangu nilikuwa nabana uzi mmoja naziba miwili.

Wakati nasubiri mzigo nikawa nasoma historia yake na hapo ndipo nikaipenda kabla haijafika. Kumbe sio ya Hawaii asilia kama nilivyodhani. Agosti 1879 meli inaitwa Ravenscrag iliingia Honolulu kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno, imebeba watu waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na ndani ya hao walikuwemo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye wakawa na karakana zao hapohapo Honolulu wakatengeneza hivi vigitaa wakifuata kigitaa cha kwao cha Madeira. Wenyeji wakakipa jina ukulele, ambalo watu wengi wanalifasiri kama kiroboto anayeruka, eti kwa jinsi vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi, ingawa malkia wao Liliʻuokalani alikuwa na tafsiri yake nyingine, kwamba ni zawadi iliyokuja. Mfalme Kalākaua akaipeleka mpaka ikulu. Mimi tafsiri ya kiroboto ndio iliyonikaa, na hapa nyumbani ndilo jina lake, Kiroboto. Na nilipenda pia kwamba imefika duniani kupitia vibarua wa mashambani, maana mimi nami ni kibarua, shamba langu tu ni la safu na mistari.

Haya, mzigo ukafika. Ndani ya boksi kuna ukulele, begi, kidude cha kutyunia, nyuzi za akiba, mkanda ambao sijawahi kuutumia, na kikadi cha apu. Mbao zake ni za tabaka, yaani zile nyembamba zilizobandikwa juu ya nyingine, sio ubao mmoja mzima, na kwa mtu anayeanza mimi naona hiyo ni faida tena kubwa, ubao mzima unalia vizuri zaidi ndiyo ila unadeka, hewa ikikauka unaweza kupasuka, ikiwa na unyevu unavimba, ukulele ya tabaka unaitundika ukutani ukaisahau. Kuisahau kwenye gari lililopigwa na jua ndio usithubutu, gundi inalainika na daraja la nyuzi, kile kibao kinachozishikilia kwa chini, linaweza kung'oka lote, hilo haliangalii ubao gani.

Kasoro niliyoiona siku ya kwanza ni freti. Hivi vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, ncha zake pembeni zilikuwa hazijasuguliwa, ukitelezesha mkono kutoka chini kwenda juu zinakukwaruza kama ukingo wa kopo. Nikachukua tupa yangu ya kucha nikabandika utepe wa karatasi kwenye mbao ili nisichubue, nikasugua moja moja kwa kuinamisha tupa kidogo, dakika arobaini hivi, zikalainika. Hapo ndipo nyota moja ilipoondoka. Na niseme ukweli wangu, zile dakika arobaini za kusugua freti zilikuwa za kwanza baada ya miezi mingi ambazo sikujua saa ngapi.

Kutyuni sasa. Wengi wanarudisha ukulele dukani wiki ya kwanza wakidhani ni mbovu, sio mbovu jamani, nyuzi za namna hii zikiwa mpya zinavutika. Unatyuni, unapiga wimbo mmoja, zimeshashuka. Unatyuni tena. Mimi siku tatu za mwanzo nilikuwa natyuni kuliko kupiga, baada ya kama wiki mbili zikatulia na sasa naigusa kidogo tu kila nikiichukua. Ukitaka kuharakisha shika uzi katikati uvute taratibu kwa kidole, utyuni, uvute tena. Mpangilio ni G, C, E, A, hayo ndio majina ya sauti za nyuzi, kuanzia uzi wa juu ulio karibu na kidevu chako, na hapo kuna kituko ambacho kilinichanganya, uzi wa juu kabisa sio mzito kama kwenye gitaa, ni mwembamba na sauti yake iko juu, karibu ya uzi wa mwisho. Mzito ni wa pili. Nilidhani nimefungiwa kimakosa nikataka kuandika malalamiko, kumbe ndivyo ilivyo na ndio inayoipa ule mlio wake wa kuchekacheka. Uzi wa mwisho, A, ni ile A ya mitetemo 440 kwa sekunde ambayo vyombo vingi duniani vinatyuniwa kwayo.

Kidude cha kutyunia nakisifu bila kinyongo. Kinabana kwenye kichwa cha ukulele kama kibanio cha nguo, na kwa sababu kinasoma mtetemo wa mbao na sio sauti ya hewani, mtoto anaweza kuwa anapiga kelele pembeni na tivii imewaka na chenyewe kinaendelea na kazi yake. Kioo kinakuandikia herufi, mshale ukiwa kushoto kaza, ukiwa kulia legeza, katikati kinageuka kijani. Betri ni ile bapa ya duara ya CR2032, inapatikana kirahisi. Nusu ya nyota nimeikata kwa sababu kitufe chake cha kuwashia ni kidogo kama punje na kucha zangu fupi.

Begi sitalizungumza sana, ni kitambaa chepesi bila sponji, zipu iliachia wiki ya tatu. Tuendelee.

Kodi. Wapigaji wanaita kodi, zile sauti kadhaa unazozibana kwa pamoja, na mhasibu ukiniambia nijifunze kodi nne kwa jioni moja nitakucheka maana nazijua kodi na hakuna hata moja iliyowahi kunifurahisha. Ila hizi zinafurahisha. C ni kidole kimoja tu, kidole cha pete kwenye uzi wa mwisho freti ya tatu, basi, umepiga kodi. Nilikaa nikaipiga hiyo C pengine mara mia. Am nayo ni kidole kimoja, kidole cha kati uzi wa juu freti ya pili. F unaacha hicho cha Am hapohapo unaongeza cha shahada uzi wa tatu freti ya kwanza. G7 ni vidole vitatu, inakaa kama kipembe cha pembetatu. Hizo nne ukiziweza nyimbo zinazoingia humo ni nyingi ajabu, na hata usipobana kitu chochote ukapiga nyuzi wazi bado inatoa sauti yenye adabu, huwezi kusema hivyo kuhusu gitaa. Wiki ya pili nilikuwa naimba wimbo mzima, kwa kusimama kila nikibadilisha kodi kama gari la kujifunzia, ila mzima. Mtoto wangu wa miaka saba akaja akasimama mlangoni.

"Mama, kwa nini unasimama simama?"

"Natafuta vidole."

"Viko hapo mkononi."

Tukacheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Sasa apu. Sitaitaja jina na ukinunua ya kampuni nyingine huenda utakuta kikadi cha apu tofauti ila nina wasiwasi zinafanana. Unakwangua kadi, unaweka namba, unapewa mwezi wa bure. Mwanzoni nzuri, inakuonyesha vidole kwa picha, inasikiliza kwa maiki ya simu, ukipatia inapiga makofi. Siku ya tatu ikaniletea kimoto, yaani picha ya moto yenye namba, kwamba nimefanya siku tatu mfululizo nisiuzime. Siku ya tano ikaniweka kwenye ligi na watu wasionijua. Siku ya nane ikanitumia ripoti ya wiki, na imekuja wapi? Kwenye imeili! Kuna grafu. Dakika za mazoezi, usahihi kwa asilimia, nimeshuka nafasi ngapi, na maneno ya kunitia moyo yanayofanana kabisa na yale ya bosi anapotaka ukae mpaka saa mbili, "unaweza zaidi ya hapa". Na mimi kwa ujinga wangu nikaipenda ile grafu. Nikafungua faili langu la Excel pembeni, nikaweka tarehe, dakika, kodi nilizokosea, nikaweka na rangi, nyekundu chini ya dakika 20. Yaani nimekimbia safu na mistari nikaenda nazo.

Siku ambayo nimeijua ni ujinga ilikuwa tarehe 31, nafunga hesabu, kuna namba haikai, tofauti ndogo ambayo ndiyo mbaya kuliko kubwa, nimeikamata saa tano kasoro usiku. Nafunga laptop macho yanawaka, simu inalia, notifikesheni, "moto wako wa siku 26 unazimika baada ya saa moja". Badala ya kwenda kulala nikachukua ukulele nikakaa kitandani nabonyeza kodi mbio mbio ili apu inihesabie, imekataa kusikia F yangu, narudia, imekataa, narudia kwa nguvu na machozi yananilengalenga kwa hasira, juu ya kodi ya vidole viwili. Mtoto ameamka kwenda chooni, amechungulia, akaniuliza kwa sauti ya usingizi, "Mama, bado unafanya kazi?"

Sikuwa na jibu. Ukulele mkononi na mtoto ameona kazi.

Nikauacha moto uzimike. Asubuhi nikafuta apu na lile faili la Excel, na kuongezea chumvi kwenye kidonda wakaja kunitoza mwezi wa pili kwa sababu kumbe kufuta apu kwenye simu sio kujitoa, unatakiwa uingie kwenye mipangilio ya malipo utafute sehemu ya kusitisha, iko chini ya vitu vinne. Niliwaandikia, walinijibu kwa adabu nyingi na pesa hawakurudisha. Kwa hiyo ukinunua hii seti, kikadi chana. Au kama lazima uitumie basi kabla hata hujapiga kodi ya kwanza nenda kasitishe malipo ya kujirudia, mwezi wa bure kwa kawaida utabaki nao, na zima notifikesheni zote na ile ripoti ya wiki.

Baada ya hapo nimejifunza kwa kuangalia video za watu, nusu saa Jumamosi, nachukua kitu kimoja tu, wiki nzima nakipiga nikijisikia. Nisipojisikia sipigi, hakuna anayejua. Nimekuwa nabadilisha kodi polepole kuliko nilivyokuwa nikibadilisha kipindi cha apu, labda, sijapima na sitapima.

Kitu kimoja kilichonisaidia kuliko vyote hakiko kwenye boksi wala kwenye video, ni mahali pa kuiweka. Mwanzoni ilikuwa ndani ya begi, begi ndani ya kabati, na kitu kilichoko ndani ya zipu mbili jioni umechoka hukitoi. Zipu ilipoharibika nikawa naiacha mezani. Siku moja nimemaliza kazi nimeifunga laptop nikailaza ukulele juu yake kwa sababu meza imejaa. Baada ya kama dakika kumi nakwenda kuifungua laptop nimjibu yule wa kitu cha dakika mbili, lazima niinyanyue ukulele kwanza, na ukiinyanyua mkono unajiweka wenyewe, ukijiweka unapiga C moja, ukipiga C unaisikia A imeshuka, unatyuni, ukishatyuni ni dhambi usipige kidogo. Nimekuja kukumbuka laptop saa mbili na nusu usiku na yule mtu alishajijibu mwenyewe. Tangu hapo ndio utaratibu, saa kumi na moja na nusu laptop inafungwa na Kiroboto analala juu yake.

Msinielewe vibaya nikaonekana nimeokoka. Nilirudia kujumlisha masaa, mara moja tu naapa, wiki nne nyingine: 47, 50, 46, na wiki ya kufunga hesabu 59. Hiyo ya mwisho haijatikisika. Ukulele haiajiri mhasibu wa pili, na nasema hivi kwa sababu kuna maofisi siku hizi yakiona watu wamechoka yanawaambia watafute kitu cha kupenda nje ya kazi, halafu Jumapili mchana wanakutumia faili. Kitu cha kupenda unakitafutia wapi muda? Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa kisheria zikae na wafanyakazi wajadiliane jinsi ya mtu kutopatikana baada ya saa za kazi, yaani limekuwa suala la makubaliano kazini na sio la mtu kujijua mwenyewe na kigitaa chake. Mimi nilichofanya ni kidogo zaidi, nilimwambia bosi kwamba baada ya saa kumi na mbili nitakuwa nimeshika kitu kwa mikono miwili, akadhani napika, sikumsahihisha.

Turudi kwenye bidhaa maana nimetoka nje. Kabla hujalipa, kama uko dukani na sio mtandaoni, fanya vitu viwili. Piga uzi wazi halafu bana freti ya 12 upige tena, freti ya 12 iko nusu kamili ya urefu wa uzi kwa hiyo lazima ikupe sauti ileile ila ya juu, kidude cha kutyunia kiandike herufi ileile na mshale ubaki katikati. Yangu uzi wa A unapanda kidogo hapo, kwa anayeanza huwezi kusikia maana muda mrefu utaishi freti tatu za kwanza. Halafu bana freti ya kwanza, uone kama vidole vinatumia nguvu nyingi, vikitumia nguvu ni kwamba ile pingili ya juu inayopitisha nyuzi haijachimbwa vya kutosha, nyuzi zinakaa juu sana na kila kodi itapanda sauti hata kama umetyuni kwa haki. Hilo fundi wa magitaa anarekebisha kwa dakika chache, usijaribu na tupa ya kucha, ukichimba kupita kiasi uzi unaanza kuvuma kama inzi kwenye chupa na hapo unabadilisha pingili nzima.

Kama vidole vyako ni vinene kuliko vyangu chukua tenor. Kama unamnunulia mtoto soprano inatosha, ingawa mtoto wangu anapiga hiihii concert yangu bila shida, C yake safi kuliko yangu, na anakataa kujifunza kodi nyingine kwa sababu, kwa maneno yake, hiyo moja inatosha. Kama unakaa nyumba ambazo ukuta ni mmoja na jirani usiwe na hofu sana, sauti yake ni ndogo, ukipiga kwa nyama ya dole gumba badala ya kucha hata chumba cha pili hawasikii vizuri. Na kama wewe ni mtu wa kushinda, yaani huwezi kucheza hata karata bila kuandika alama, sijui nikushauri nini, mimi ndio niko hivyo na unaona ilivyonipeleka.

Miezi saba sasa. Nyuzi za mwanzo nilizibadilisha mwezi wa tano kwa zile za akiba, nikafunga fundo vibaya kwenye daraja uzi wa C ukachomoka usiku wa manane ukapiga kelele kama mwizi, mume wangu akaruka kitandani, tangu hapo naweka mkia wa uzi mrefu kidogo na kuuzungusha mara mbili. Nina kodi kama tisa hivi ambazo naingia bila kuangalia mkono. E ndiyo imenishinda, ile vidole vitatu vinajazana freti ya nne kama abiria halafu cha nne unakiambia kirudi nyuma freti ya pili, kila wimbo wenye E naushusha au nauruka hapo katikati kwa kukohoa. Hesabu za watu nafunga kwa wakati, risiti zangu ziko sawa, ila kodi ya E mpaka leo sijailipa.